Anti, Huyu Anayeimba Ni Nani?

Maneno haya niliyasema Hoima, mji wa Bunyoro, magharibi mwa Uganda, mbele ya walimu wa kwaya, wazazi na waendeshaji wa kambi za likizo. Mvua iliwazuia wengi njiani, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika: "Tutumie tulichokikosa." Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha, na wala hazikuwa na maana kubwa hata siku ile.

Wazee wetu, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: hamjambo?

Sijasikia. Hamjambo?

Haya. Watu wa kwaya wakijibu kwa unyonge namna ile, mimi naingiwa na wasiwasi.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kurekodi muziki na watoto kambini. Naona wengine mmeshika kalamu, mnangoja niwatajie aina ya maikrofoni na bei yake. Ya maikrofoni tutafika. Kwanza niwasimulie jinsi nilivyoharibu kazi, kwa sababu niliiharibu vizuri kabisa, kwa ujuzi wangu wote na kwa pesa ya mfadhili.

Kambi yetu ya kwanza ilikuwa na watoto 41. Tulipewa shule ya msingi ya bweni, nje kidogo ya mji huu, wenyewe wakiwa wameenda likizo ya Agosti. Walikuwamo watoto wa Kinyoro, watoto wa Kialur kutoka vijiji vya kando ya Ziwa Albert, na watoto wa Kikongo wanaoishi Kyangwali, kwenye makazi ya wakimbizi. Siku tano, nyimbo sita. Waliimba, wakacheza, wakala posho, yaani ugali, na maharage, wakarudi makwao. Mimi nikabeba kompyuta hadi Kampala, nikajifungia wiki mbili.

Nilikuwa nikifanya nini wiki mbili? Nilikuwa nikiwanyoosha.

Iko programu, wengi mnaijua, inayopima sauti ya mwimbaji na kuivuta ikae juu ya noti iliyo karibu. Mtoto akiimba chini kidogo, inampandisha. Akipanda kwa kuteleza, inamkatia ngazi. Basi nilichukua mtoto mmoja mmoja, neno moja moja. Nilipomaliza, wimbo ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa mara mbili. Mfadhili akafurahi. Mimi nikafurahi kuliko mfadhili.

Nikarudi na spika. Watoto waliokuwa karibu wakaitwa, wakakaa kwenye nyasi. Nikacheza wimbo wa kwanza. Kimya. Nikasema moyoni, wameduwaa kwa uzuri. Ukafika ubeti wa msichana mmoja wa miaka tisa, ambaye ndiye aliyeuimba peke yake. Akaniangalia. Akauliza, "Anti, huyu anayeimba ni nani?"

Nikamwambia, "Ni wewe."

Akasikiliza tena, kichwa amekiinamisha upande. "Hapana. Mimi nina mkwaruzo hapa." Akashika koo. Kisha akainuka, akachukua jerikeni lake, akaenda kuchota maji.

Ndugu zangu, nimesomewa barua kali maishani mwangu. Nimefukuzwa kazini mara moja. Hakuna kilichoniingia kama jerikeni lile likiondoka.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu najua kuna mwalimu hapa anajiandaa kuniuliza: je, unataka tuwaachie watoto waimbe ovyo? Sitaki hivyo. Nasema tujiulize, kila tunapomnyoosha mtoto, tunamnyoosha aelekee wapi? Programu ile inajua ngazi 12 tu, ngazi za kinanda. Mnaosikia Kialur mnajua kwamba kupanda na kushuka kwa sauti katika lugha hiyo kunabeba maana. Unaweza kunyoosha noti ukapotosha neno. Na mimi, mtoto wa Bombo, Kialur sikijui. Nilikuwa nikirekebisha maneno nisiyoyaelewa. Nani alinipa ruhusa?

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Walimu tunaipenda sana methali hii, tunaitundika hadi ofisini. Lakini watu wa ziwani mko hapa, niwaulize: kila samaki hukunjwa? Wengine huanikwa walivyo.

(Hapa mama mmoja alijibu kwa sauti kwamba mukene, dagaa wetu, hakuna anayemkunja. Nikamshukuru.)

Twende kwenye jambo ambalo naliona kila ninapoalikwa kusikiliza kwaya ya watoto. Naomba mwalimu mmoja wa kiume atuanzishie wimbo wowote, kama anavyowaanzishia wanafunzi wake. Nani? Mzee wangu pale mwenye kofia. Asante. Anzisha.

Mmesikia? Sauti nzuri, nzito, imekaa kifuani. Ni sauti yake, inamfaa yeye. Sasa mleteni mtoto wa miaka minane aifuate.

Nyuzi za sauti za mtoto ni fupi na nyembamba, ndiyo maana zinatetemeka haraka. Mwanamume mzima akizungumza tu, zake hutetemeka mara 100 na kitu kwa sekunde. Za mtoto ni mara 250, hata 300. Ukimwanzishia wimbo kwenye sauti yako, umempeleka kwenye shimo. Atafanya moja kati ya mawili: atanguruma chini bila kutoa noti yoyote, au ataona ameshindwa na aanze kupiga kelele. Halafu mwalimu anasema, "Watoto hawa hawajui kuimba." Hawajui kuimba, au wewe hukujua kuanzisha?

Mwaka wa pili alikuja kambini mzee mmoja Mwalur, mpigaji wa adungu. Wasioijua, ni kinubi cha shingo iliyopinda, tumbo la mti lililofunikwa ngozi, na siku hizi nyuzi zake ni nailoni kama ile ya kuvulia samaki. Nilimkuta asubuhi amekaa kwenye kigogo karibu na foleni ya uji. Adungu magotini, hapigi. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anahitaji kitu. Akasema anasikiliza. Anasikiliza nini? Watoto walikuwa wakigombania vikombe, wakiitana, wakiimba vipande vipande. Baada ya muda akaanza kuzungusha vigingi, kimoja kimoja, akiinua kichwa kuwasikiliza, akizungusha tena.

Nikamuuliza kwa nini asingoje mazoezi, tukawafundisha watoto noti yake. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda juu ya gari. "Adungu ina vigingi," alisema. "Mtoto hana."

Niliandika maneno hayo kwenye sanduku la vifaa vyangu kwa wino mzito. Na wenye vinanda vya umeme msijifiche nyuma ya mzee. Kinanda chako kina kitufe cha kupandisha na kushusha noti zote kwa mkupuo. Kitafute. Kinangoja tangu siku ulipokinunua.

Sasa ya vifaa, kwa wale wa kalamu.

Barua ya mfadhili wetu iliita kazi hii "kambi ya kiangazi." Kiangazi! Agosti, Bunyoro! Wenyeji mnacheka kwa sababu mnajua mvua za hapa zinaanza lini. Siku ya pili ya kambi ya kwanza, saa nane mchana, watoto wakiwa katikati ya wimbo wa nne, mvua ilitua juu ya mabati kama lori la kokoto. Tukangoja. Ikaisha saa kumi na moja. Wakati huo watoto walikuwa wameshalala wamekaa. Tangu hapo narekodi asubuhi tu, kuanzia uji unapoisha mpaka saa tano. Mchana ni wa mpira na kuchora. Mtoto aliyeshiba posho haimbi, anahema.

Nusu saa ya kuimba, kisha wakakimbie. Mkiwashikilia saa nzima mtapata sauti zilizochoka na nyuso za watu wanaongoja hukumu.

Chumba? Sahauni trei za mayai. Nimeingia studio ngapi hapa Uganda zimebandikwa trei za mayai toka sakafuni hadi darini, na bodaboda inasikika ikipita barabarani, na jogoo wa jirani ndiye anayeongoza wimbo! Trei ni karatasi nyepesi. Haizuii sauti ya nje hata kidogo, na ya ndani inapunguza kamwangwi kadogo tu ka juu. Mnajua shule ya bweni ina nini kwa wingi? Magodoro. Yasimamisheni kwenye pembe za chumba na nyuma ya waimbaji, yakiwa yameachana kidogo na ukuta. Ni bure, na jioni yanarudi kitandani. Jenereta msiweke karibu, na kama umeme wa gridi unaleta mvumo kwenye spika, chomoeni, rekodini kwa betri. Mvumo huo ni mizunguko 50 kwa sekunde na ukishaingia ndani ya wimbo hautoki bila kuondoka na nyama.

Maikrofoni mbili zinatosha. Naona mtu ameacha kuandika, alitaka orodha. Mbili! Ziwekwe juu ya stendi, zaidi kidogo ya kimo cha watoto, nao wasimame nusu duara mbele yake. Kwa nini nisiweke moja kwa kila mtoto? Kwa sababu watoto waliozoeana wanasikilizana, na huko kusikilizana ndiko unakotaka kukurekodi. Mkimtenga kila mmoja na waya wake, mnakusanya watu 41 wapweke.

Kila kambi lakini ina yule mmoja. Mnamjua. Sauti yake inatoka kama honi ya basi la Arua. Mwaka wa kwanza nilimwambia wetu mara tatu, "Punguza, punguza, punguza," na mara ya nne hakuimba tena. Alifungua mdomo tu, kwa adabu. Ndiye niliyemkosea zaidi baada ya yule msichana. Mwaka wa pili nilifanya kitu ambacho ni hesabu ya kawaida kabisa: uwanjani, ukimweka mtu umbali mara mbili, sauti yake inapungua desibeli 6. Chumbani inapungua pungufu ya hapo, kutegemea kuta, lakini njia ni ileile. Nikamrudisha nyuma hatua moja. Bado. Hatua mbili. Bado. Aliishia mlangoni, mgongo wake uko nje, akiimba kwa moyo wake wote. Kwenye rekodi amekaa sawasawa kama mpini ndani ya jembe. Alijigamba kambi nzima kwamba yeye ana kituo chake maalumu.

Hedifoni msiwape watoto. Wakizivaa wanapiga kelele kwa kuwa hawajisikii, na ule mlio wa kuhesabu mapigo unavuja unaingia kwenye maikrofoni, ti, ti, ti, kwenye kila wimbo wa polepole. Mpe mpiga ngoma peke yake, asikie mapigo sikio moja, wengine wafuate mkono wake. Na washa mashine kabla hujasema umewasha. Mazoezi yote, rekodi. Katika nyimbo zetu sita za mwaka wa pili, mbili zilizo bora ni zile walizodhani wanajaribu tu.

Nimesema mengi ya vifaa kuliko nilivyokusudia. Wenye kalamu mmepata haki yenu.

Turudi kwenye kunyoosha, kwa sababu kuna kunyoosha kwingine kusikohitaji kompyuta.

Mwaka wa pili watoto walitaka wimbo wa kambi. Uwe kwa lugha gani? Wanyoro wakasema Runyoro. Waalur wakasema wao hawataimba wasichokijua. Wakongo wakakaa kimya, kama mgeni anavyokaa. Mwisho msichana wetu yuleyule mwenye mkwaruzo, ambaye alirudi, ndiyo, alirudi, nilidhani hatarudi, akasema, "Lakini tukicheza mpira tunagombana kwa lugha gani?" Wakacheka wote. Walikuwa wakigombana kwa Kiswahili.

Wazee mnajua Kiswahili kimepita wapi nchini hapa. Mimi nimekulia kambi ya jeshi Bombo, nikienda Kampala kwa shangazi naambiwa nisikiseme barabarani, watu watafunga milango. Lugha ya askari, lugha ya anayegonga usiku. Mwaka 2005 Katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Sawa, tumeshukuru. Ila watoto hawa hawakungoja Baraza. Walikipata kwenye mpira, sokoni na majini.

Basi wakatunga. Mstari wa pili waliutunga watoto wa Kyangwali: "Siye batoto ba ziwa na mulima." Hapo mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu mwema sana, mwenye stashahada yake, akasimama kama aliyechomwa na mwiba. Batoto? Mulima? "Ni watoto wa ziwa na mlima! Wimbo huu utasikika! Watasema tumefundisha nini?" Akaandika ubaoni. Wakaurudia. Watoto, wa, ziwa. Kila silabi mahali pake, na wimbo ukafa pale pale. Mlima ulikuwa na silabi tatu wakati watoto wanautunga, mu-li-ma, na ngoma ilitegemea hiyo ya kwanza. Sasa ukabaki na mbili tu, kwa sababu ile m ya mwanzo waliimeza.

Mvulana mmoja akasema polepole, bila kiburi, "Mwalimu, mama yangu anasema batoto."

Mngefanyaje? Semeni kweli. Nusu yenu mngemwambia mama yake amekosea.

Tulikaa mimi na mwalimu nje chini ya mwembe, tukabishana mpaka chai ikapoa. Hoja yake haikuwa ya kijinga: watoto hawa watafanya mtihani, na mtihani hautaki batoto. Mimi nikamwambia mtihani una darasa lake. Hatimaye si mimi wala yeye tuliyeamua. Tulipoingia ndani watoto walikuwa wameshagawana: Wakongo wanaimba mstari kwa batoto, wengine wanawajibu kwa watoto. Mwito na kiitikio. Mnaoijua ngoma ya kwetu mnajua hapo hakuna cha kuongeza. Mwalimu aliwapigia makofi kabla yangu, na leo yuko hapa, amekaa safu ya tatu, na ameniruhusu nimseme.

Sasa naomba utulivu kidogo, hasa wazazi.

Mtoto akirekodiwa, sauti yake inakwenda asikokwenda yeye. Inaingia kwenye simu, simu inaingia kwenye nyingine, na hujui inaishia wapi. Kuna mama mmoja wa Kyangwali alikuja siku ya tatu, ametembea. Hakufoka. Alisema tu kwamba kule walikotoka kuna watu ambao hataki wajue mtoto wake yuko hai na yuko wapi. Fomu alikuwa ameitia dole gumba, lakini fomu ilikuwa ya Kiingereza na hakuna aliyemsomea. Dole gumba lile lilikuwa na maana gani? Hakuna! Tangu siku hiyo fomu inasomwa kwa sauti, kwa lugha ya mzazi, na ina maswali matatu yaliyoachana: sauti, picha, jina. Mzazi anaweza kukubali moja akakataa mawili. Na mtoto naye anaulizwa, peke yake, mzazi akiwa kando.

Yule mama alikubali sauti. Picha alikataa, jina alikataa. Lakini mtoto, jamani, mtoto alitaka atajwe. Wenzake watajwe, yeye awe hewa?

Hapa ndipo Bunyoro ilipotuokoa. Wanyoro kwenye huu ukumbi hamhitaji kuelezwa empaako. Kwa wageni: ni majina 12 ya heshima na upendo yanayotumiwa na Wanyoro na baadhi ya jamii jirani, juu ya majina yao mengine, na UNESCO iliuweka utaratibu huu mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Jina moja lina maelfu ya watu. Ukisema "Akiiki aliimba," umemheshimu Akiiki na hujamwonyesha mtu yeyote kwa kidole. Watoto wa Kinyoro wakawapa wenzao empaako, jioni moja, kwa utaratibu, wakila pamoja kama inavyotakiwa. Okaali tuliliacha, hilo ni la Omukama, mfalme. Yaliyobaki wakagawana. Kwenye jalada la rekodi mtasoma: Amooti wa ngoma, Abwooli mrefu, Abwooli wa mlangoni, Atwooki, Araali. Yule Abwooli wa mlangoni mnamjua tayari.

Na wimbo ni wa nani? Nauliza kwa sababu mwaka wa kwanza niliandika jina langu kwenye mstari wa mtunzi. Nilikuwa nimetunga nini? Nilibonyeza kitufe! Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kufa. Hesabuni pamoja nami: mtoto ametunga akiwa na miaka 9. Mungu amjalie afike 80. Hiyo ni 71. Ongeza 50. Miaka 121, na mimi nilikuwa karibu kuichukua kwa sababu hakuna aliyekuwa akiniangalia. Siku hizi tunaandika watunzi ni watoto wa kambi, orodha kamili ya majina halisi inakaa kwa mlezi wa kambi kwenye bahasha, na wazazi wana nakala.

Ninamalizia na kurudisha.

Baina ya 1949 na 1954 Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda pale Kampala, alizunguka nchi akirekodi. Alirekodi wazee wetu, bibi zetu, na ngoma ambazo nyingine hazipigwi tena. Kazi kubwa, hakuna ubishi. Kanda hizo zikaenda zikahifadhiwa London. Wenye nyimbo wakazeeka, wakafa, bila kujisikia. Nakala zililetwa Makerere baada ya miongo mingi, na leo hifadhi pale inaitwa kwa jina lake. Nakala zimerudi, na ni vizuri. Lakini aliyeimba 1950 akiwa mzee alirudishiwa nini?

Kwa hiyo kwetu nakala ya kwanza haiendi kwa mfadhili. Inakwenda kwa watoto, tena kabla haijaisha, wakati bado inaweza kubadilishwa. Na hapa niwaeleze jambo lililonichanganya, kwa sababu sitaki mwondoke mkidhani nimepata jibu.

Mwaka wa pili niliwachezea bila kunyoosha chochote. Mkwaruzo upo, kuteleza kupo, kikohozi kipo. Nilijisikia mwema sana. Ukafika ubeti wa yule msichana. Akainamisha kichwa upande, kama mwaka ule. Akasema, "Huyu ni mimi." Moyo wangu ukapaa. Halafu akasema, "Lakini hapo nimekosea. Turudie."

Nikaanza kumwelezea kwamba pako vizuri hivyo hivyo, ndiyo uhalisia wake, ndiyo uzuri. Akanisikiliza kwa heshima, mikono nyuma. Nikamaliza. Akasema, "Anti, nimekosea."

Tukarudia. Mara ya kwanza akakataa. Ya pili akakataa. Magodoro yalikuwa yameshatolewa, tukayarudisha. Ya tatu akafikiri sana, akakataa. Ya nne akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Hiyo." Mkwaruzo ulikuwepo. Mimi mpaka leo nikizisikiliza zote nne sisikii tofauti ya ya tatu na ya nne. Yeye anaisikia.

Basi. Saa zimekwisha, na naona mawingu yanakuja upande wa ziwa. Nimekuja na flashi 12, zina nyimbo zote sita. Zichukueni pale mezani kwa Mwalimu, andikeni jina lenu na kijiji, mkazinakili kwenye simu na redio zenu, kisha mnirudishie flashi. Nasema tena: mnirudishie. Mwaka jana nilileta 20 nikarudi na tatu.

Na sasa, kabla mvua haijatufikia, vijana wa mlangoni mfunge huo mlango na kila mtu azime simu. Huu ni wimbo wa kambi. Ubeti wa tatu ndio wake.